Siku Niliyokuwa Shahidi Namba Tatu

Juzi nilikuwa Mbezi Luis nikimsubiri mgeni wa basi la bara. Basi lilichelewa, nikaona bora nimpelekee fundi wa pale pembeni simu yangu iliyokuwa haishiki chaji. Kijana akaifungua, akashika kile chuma chake cha moto, akakigusisha kwenye risasi ya kulehemu, na moshi mwembamba ukapanda moja kwa moja hadi puani mwangu. Nilisahau basi na mgeni. Harufu ile, kali kidogo, tamu kidogo, kama utomvu unaoungua, sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi. Ghafla nikawa si mama wa watoto watatu tena. Nilikuwa msichana wa miaka tisa mwenye magoti ya vumbi, nimechuchumaa kwenye kibaraza cha shangazi yangu Tandika, namwangalia Fundi Elia akifufua redio.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Shangazi Mwanaidi, aliyenilea, alikuwa mpishi wa shughuli, na mwenye masufuria ya watu mia mbili hana muda wa kujibu maswali. Kwa hiyo nilihamia kwa Fundi. Alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, kile kinachotazamana na bafu. Alitoka Dodoma, mtu wa kanisani, mrefu na mpole, na Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa kwao ambao sisi watoto tuliuigiza mbele yake, naye akacheka pamoja nasi. Nilimuuliza sauti inaingiaje kwenye redio, kwa nini betri ukiiramba ulimi unauma, kwa nini waya mwekundu na siyo wa njano. Alijibu yote. Asipojua alisema, "Hilo sijui," akaendelea na kazi. Wakati ule sikuona kama ni jambo kubwa mtu mzima kusema hajui.

Nyumba ya jirani alikaa Mama Zawadi, mshonaji, na bintiye Zawadi tuliyesoma naye darasa moja. Mama Zawadi alikuwa na cherehani cha mkono, kile cha kuzungusha, na kwa cherehani kile alimlisha mwanawe na kumsomesha. Nguo zangu zote za Idi zilipita pale. Nilimpenda. Nilimpenda na Fundi vilevile, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Siku yenyewe tulikuwa zamu ya mchana shuleni, hivyo asubuhi nilikuwa uani nafua soksi. Mama Zawadi na mwanawe walikuwa wametoka kwenda kutafuta nyuzi, mlango wao umerudishwa tu. Ukuta wa uani kwetu ulijengwa kwa matofali ya matundu, na kupitia matundu yale uliweza kuona kichochoro cha upande wa pili vipande vipande. Nikasikia miguu. Kwenye tundu la kwanza nikaona mgongo wa mtu mwenye koti la kijani. Kwenye tundu la pili nikaona shuka la maua limefunika mzigo uliobebwa kichwani, likashuka hadi mabegani. Kwenye tundu la tatu sikuona mtu. Alikuwa ameshakata kona. Nikarudi kwenye soksi zangu.

Baada ya muda nikasikia yowe la Mama Zawadi: cherehani chake kimeibwa. Mtaa wetu haukuhitaji kengele. Mara moja kichochoro kikajaa watu, wanawake na kanga zao za jikoni, vijana waliokuwa wanacheza drafti, na mimi katikati na mikono ya povu. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Nani kaona?"

"Mie nimeona!" nikasema.

Nilisema kwa fahari, sitaficha. Maisha yangu yote nilikuwa wa kuuliza, na leo watu wazima walikuwa wananiuliza mimi.

"Umemwona nani?"

"Mtu mwenye koti la kijani."

Dakika hiyohiyo kijana mmoja akatokea upande wa barabarani ameshika koti. Alilikuta limetupwa kwenye jalala. Kila mtu alilijua: la kijani, mfuko wa kushoto umechanika, mikono imeungua matone madogo ya risasi. Mama Zawadi akapiga magoti mbele yangu, akanishika mabega. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni.

"Ulimwona Fundi Elia, eti, Sauda? Alikuwa Fundi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilitaka tu aache kulia, na ilionekana kwamba kichwa changu kikienda chini na kurudi juu, mambo yatatulia. Hayakutulia. Fundi aliporudi kabla ya adhuhuri na begi lake la vifaa, akitoka Kariakoo kutafuta spea, alikuta watu wanamsubiri na fimbo. Alipigwa kofi kabla hajaamkia. Nikasikia mtu anaulizia tairi, na nikashangaa tairi la nini, kwa kuwa hapakuwa na gari.

Shangazi Mwanaidi ndiye aliyejua la nini. Alitoka ndani na mwiko wa pilau, ule mrefu kama kasia, akasimama mbele ya Fundi.

"Huyu mpangaji wangu. Anayetaka kumgusa aanze na mie. Mwiteni mjumbe!"

"Bi Mwanaidi, huyo mwizi!"

"Umemwona wewe?"

"Mtoto wako kamwona!"

Shangazi akageuka kuniangalia. Sikuwahi kumwona akinitazama hivyo, kabla wala baada. Mjumbe akaja, akampeleka Fundi kituoni mzima, na jioni Shangazi akakifunga chumba chake kwa kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Wapangaji wapya walipokuja kukiulizia aliwajibu neno moja kila mara: "Kina mwenyewe. Hajahukumiwa."

Nilipoitwa kuandikisha maelezo nilirudia lilelile: Fundi Elia. Askari wa kike aliyeniandika alikuwa mpole, akanipa na maji ya kunywa. Lakini mimi nilidhani kichwa kikishaitikia mbele ya watu hakiwezi kurudishwa, kama maji yakishamwagika mchangani. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kurudi nyuma kunaruhusiwa. Fundi hakupata dhamana. Ndugu zake walikuwa mbali, na hapa mjini hakukuwa na mtu wa kumsimamia. Kibaraza chetu kikakaa kitupu, na maswali yangu nikabaki nayo.

Yalikuwa mengi, maana kesi ilikuja na lugha yake. Siku moja mjumbe alileta karatasi ya wito, nikaisoma juu: Jamhuri dhidi ya Elia. Nikashtuka. Jamhuri niliyemjua alikuwa mmoja tu, mzee muuza kahawa wa mtaa wa pili. Kumbe yeye ndiye aliyemshtaki Fundi! Alimkosea nini? Kwa wiki nzima nilimpita yule mzee bila shikamoo, nimekaza shingo, mpaka akaja kulalamika nyumbani.

"Kwa nini humwamkii mzee wa watu?" Shangazi akauliza.

"Kamfunga Fundi. Imeandikwa kwenye karatasi."

Shangazi alicheka mpaka akakalia sufuria. Kisha akajifuta macho. "Jamhuri siyo mtu, mwanangu. Jamhuri ndiyo sie. Mtu akiiba, hajamkosea Mama Zawadi peke yake, kaikosea nchi nzima. Ndiyo maana nchi nzima inamshtaki."

"Hata wewe?"

"Hata mie."

"Hata mie?"

Kicheko kikaisha. "Hata wewe," akasema polepole, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nililifikiria hilo siku nyingi. Niliona nchi nzima imejipanga upande mmoja, kuanzia Kigamboni hadi kwa akina Fundi Dodoma, na upande wa pili yuko yeye peke yake na koti lake.

Neno lililonitisha zaidi lilikuwa shahidi. Ustadhi wetu wa chuoni alitufundisha habari za mashahidi: watu waliokufa vitani kwa ajili ya dini, wakaenda peponi moja kwa moja. Pepo niliitaka, lakini siyo mwezi ule. Shangazi aliponiambia, "Wewe ni shahidi namba tatu," nikaelewa kwamba wawili watatangulia na mimi nitafuata. Sikumwambia mtu. Nilimwita Zawadi uani, nikampa bangili zangu zote za plastiki na kalamu yangu ya rangi mbili. Akauliza mbona unanipa. Nikamwambia, "Utakuja kujua." Zawadi alivaa bangili akaondoka anarukaruka, na mimi nikaona dunia haina huruma.

Mara ya kwanza tulienda mahakamani tukarudi, kesi imeahirishwa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu wakaanza kusikiliza. Nilikaa kwenye benchi nje, kwa kuwa shahidi ambaye hajasema hatakiwi kuwasikia wenzake. Mama Zawadi akaingia, akatoka mzima. Kijana aliyeokota koti akaingia, akatoka mzima, akanunua karanga. Hapo nikaanza kupata matumaini.

"Shahidi namba tatu!"

Ndani palikuwa na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Nilitafuta kizimba, maana nilisikia Fundi anasimama kizimbani, na kizimba nilichokijua mimi kilikuwa cha kuku. Nikaona kibao cha mbao kinachofika kiunoni, hakina mlango wa waya wala pumba, na nyuma yake Fundi Elia. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa limekunjwa vizuri mikono kama zamani. Mbele kabisa alikaa hakimu, mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba.

"Unaitwa nani?"

"Sauda."

"Sauda, uongo ni nini?"

Sikutegemea swali rahisi hivyo. "Ni kusema kitu ambacho hakijatokea."

"Na mtu akisema uongo?"

"Anapata dhambi. Na Shangazi anamchapa."

Akaandika kwa mkono, polepole, na sisi wote tukaisubiri kalamu yake. "Unaniahidi hapa utasema kweli tupu?"

"Naahidi."

"Nisikilize vizuri. Utaulizwa maswali. Unachokijua, sema. Usichokijua, sema sijui. Sijui nayo ni jibu, na hapa hakuna atakayekugombeza kwa kusema hivyo. Umeelewa?"

Nilielewa kuliko alivyodhani. Ilikuwa kama mtu amenitua ndoo kichwani.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye tai iliyonyooka, sauti yake nzuri. Akanionyesha koti la kijani lililofungwa kikaratasi. Nikasema nalijua, ni la Fundi. Akaniuliza siku ile niliona nini. Nikaeleza matundu matatu ya ukuta, koti, shuka la maua, na kona.

"Kwa hiyo ulimwona nani?"

"Niliona koti."

"Koti lilikuwa linatembea lenyewe?"

"Hapana. Lilikuwa na mtu ndani."

"Mtu huyo ni nani?"

Nikageuka. Mama Zawadi alikuwa amekaa benchi la nyuma, kwa kuwa yeye alishamaliza, ananitazama na midomo imemkauka. Nilimwona amejifunga kanga mpya ili apendeze mahakamani. Nilitamani sana kumpa anachotaka.

"Sijui," nikasema.

Mwendesha mashtaka akashika karatasi. "Kituoni ulisema ni Elia."

"Nilisema hivyo kwa sababu nilishaitikia kwa kichwa."

"Uliitikia kwa nini?"

"Mama Zawadi alikuwa analia."

Kalamu ya hakimu ilisikika peke yake. Kisha akamwambia Fundi kwamba ana haki ya kumuuliza shahidi maswali. Fundi hakuwa na wakili, akasimama mwenyewe. Na mimi, kwa kuwa mkubwa alikuwa amesimama mbele yangu na nilikuwa sijamwona miezi mingi, mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo, Fundi."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza kwa kalamu. Fundi hakucheka.

"Marahaba, Sauda," akasema. "Uso wa mtu yule uliuona?"

"Hapana."

"Ulimsikia akisema?"

"Hapana."

"Asubuhi ile, kabla hujamwona, koti langu lilikuwa wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Mtaani hawakuuliza, kituoni hawakuuliza, hata mimi sikujiuliza, mimi mtoto wa maswali. Na mara nikaona asubuhi yote tena: beseni, povu, na matone ya baridi yanayonidondokea utosini kila nikiinama.

"Lilikuwa kwenye kamba, uani. Ulikuwa umelifua. Lilikuwa linanidondokea maji."

"Ulikaa pale muda wote?"

"Hapana. Nilienda dukani kununua sabuni. Niliporudi sikuangalia juu."

"Na mlango wa uani?"

"Haufungwagi mchana. Watu wanapita kwenda bombani."

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Nilitoka nje nikiwa mzima. Lakini nikiwa nakula karanga kwenye benchi, swali moja likanishika na halikuniachia: mtu mwenye akili zake, aliyeamka na kulifua koti lake mwenyewe, kwa nini aende kulivaa lingali linachuruzika?

Uamuzi ulisomwa siku nyingine. Shangazi alinichukua, nikasikiliza nimesimama ukutani. Hakimu alisema ushahidi uliomgusa mshtakiwa ulikuwa koti peke yake, na koti lilikuwa mahali ambapo yeyote angeweza kulichukua. Alisema mahakama haijui nani aliyeiba cherehani kile. Alisema si kazi ya Elia kuonyesha kwamba hakuiba. Ni kazi ya Jamhuri kuonyesha kwamba aliiba, bila kuacha shaka ya maana, na Jamhuri haikuweza. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Aachiwe huru.

Kwa hiyo tulikuwa tumeshindwa, mimi na muuza kahawa na nchi nzima, na sikuwahi kufurahi kushindwa kama siku ile.

Fundi alirudi Tandika. Shangazi alivua ufunguo shingoni akamfungulia, chumba kimefagiliwa. Kesho yake akaweka meza yake kibarazani na kusubiri wateja. Hawakuja. Watu walipita wakivuta watoto wao upande wa pili. Nilimsikia mmoja wa wale wacheza drafti akisema, "Kama mahakama imemwachia, sie hatujamwachia." Mama Zawadi alikuwa anashona kwa cherehani cha kuazima kwa mwenzake sokoni, anaondoka asubuhi anarudi amechoka, na akipita mbele ya kibaraza chetu aliangalia njia.

Nilienda kukaa karibu na meza. Nikamwomba Fundi msamaha.

"Ulisema ulichokiona," akanijibu. "Kule ndani nimeacha watu wengi wanaomwomba Mungu shahidi wa namna hiyo."

"Lakini Fundi, uliiba?"

Akaweka chini alichokuwa ameshika, akanitazama usoni. "Hapana, Sauda. Sikuiba."

Nilimwamini. Mpaka leo namwamini, ingawa sina cha kumwonyesha hakimu. Mwizi mwenyewe hakujulikana, na cherehani hakikuonekana tena.

Kisha nikaenda kwa Mama Zawadi, jambo ambalo niliona gumu kuliko mahakama. Nilimkuta ananyofoa nyuzi za shimizi kwa meno.

"Mama Zawadi, shikamoo. Mie siku ile sikumwona uso. Niliitikia kwa sababu ulikuwa unalia."

"Nilikusikia kule," akasema bila kuinua macho.

"Nilitaka nikwambie mwenyewe."

Akanyofoa uzi mwingine, na mwingine. "Kwa hiyo mie ndiye niliyekuuliza vibaya."

Nikasema sijui. Akaniangalia, akatikisa kichwa. "Nenda kwenu, Sauda."

Zikapita wiki. Asubuhi moja nilikuwa kibarazani nafunga kamba za viatu vya shule, zamu yetu siku hizo ni ya asubuhi, Zawadi ameshatangulia. Mama Zawadi akatoka kwake amevaa baibui na ana mfuko wa safari. Kulikuwa na msiba Kimbiji, alikuwa anawahi pantoni. Watu walikuwa wameshaanza kupita njiani, na wacheza drafti walikuwa wanapanga kete zao. Akafunga mlango wake. Akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya meza ya Fundi Elia, akasimama.

"Naenda kuzika," akasema, kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia. "Sijui kama nitawahi kurudi. Zawadi akitoka shule, mfungulie."

Akaweka ufunguo wa nyumba yake juu ya meza.

Fundi aliuangalia. Akafuta mkono wake wa kulia kwenye suruali, mara ya kwanza, mara ya pili, ndipo akauchukua.

"Poleni na msiba, dada," akasema. "Nitamfungulia."

Shangazi aliniambia baadaye kwamba siku ile Fundi hakutoka pale kibarazani hata kwenda kula. Nilimkuta mwenyewe tuliporudi mchana, amekaa wima juani, kivuli kimeshamhama, ufunguo umo ndani ya ngumi. Alipomwona Zawadi akasimama.